Hasira Inapoficha Aibu: Maneno kwa Maadmini wa Makundi Yetu

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na vijana mliosimama mlangoni. Shikamooni wakubwa, wadogo, hamjambo.

Mmeniita niseme juu ya kujadiliana kwa heshima mtandaoni. Mtandao ni mpana, nami nimeamua kubaki pembe moja tu: WhatsApp, ndani ya makundi yetu. Wengi mliomo ukumbini ni maadmini wa kundi la ukoo, la mtaa, la waliosoma pamoja, la kwaya, la kikoba, la kamati ya harusi. Huko ndiko tunakogombana na watu tunaowajua kwa sura na kwa nasaba. Ukigombana na mtu usiyemjua, ukizima simu yamekwisha. Ukigombana na binamu yako hayajaisha, maana mtakutana msibani, na mmoja wenu atampa mwenzake mkono huku anaangalia pembeni.

Neno langu ni moja, na nitalizunguka kwa mifano mpaka tuelewane. Mtu hawezi kumheshimu mwenzake kwa maandishi kama hajui yeye mwenyewe ana nini moyoni wakati anaandika. Tumejaza makundi yetu kanuni: matusi marufuku, siasa marufuku, picha chafu marufuku. Kanuni nzuri. Lakini mtu anaweza kuandika "samahani ndugu yangu, naomba nikuulize kidogo" na swali lile likawa limejaa sumu kuliko tusi la nguoni. Maneno yamepita kwenye kanuni zote za admini. Moyo ulioyaandika haukupita popote.

Nianze na orodha ya michango.

Msiba umetokea. Admini anaandika kichwa cha habari, jina la marehemu, namba ya kutumia pesa na jina la mhazini. Anaanza orodha: namba moja, familia ya fulani, laki moja, tiki ya kijani. Anayetoa ananakili orodha, anaongeza jina lake na kiasi chake, anairudisha kundini. Kufikia jioni orodha imekuwa ndefu. Kisha admini, ambaye amechoka na hajalala tangu jana, anaandika: "Wale ambao hatujaona majina yenu, msiba ni wa wote."

Sasa mfikirieni yule ambaye jina lake halipo. Pengine ni mwendesha bodaboda ambaye mwenye pikipiki ameichukua pikipiki yake. Pengine ni mwalimu ambaye mshahara unafika ukiwa umeshakatwa mikopo. Anaisoma orodha kuanzia juu. Anamwona mdogo wake, yule aliyemlipia ada ya sekondari, ametoa laki mbili. Anamwona mpangaji wa shemeji yake, ambaye hata si ndugu, ametoa elfu hamsini. Yeye mfukoni ana nauli ya kwenda mazishini, ya kurudi bado anaitafuta.

Kinachomjia mtu huyu kwanza ni aibu. Aibu ni hisia nzito, hakuna anayependa kukaa nayo hata dakika tano, kwa hiyo inageuka haraka kuwa hasira, kwa sababu hasira angalau inampa mtu nguvu. Anashika simu anaandika: "Naona siku hizi ukoo huu una wenyewe." Basi. Hakutukana mtu, hakutaja jina, lakini ndani ya muda mfupi limeshatoka shamba la babu, limetoka la nani alimuuguza bibi na nani alituma pole tu kutoka Muscat, limetoka la mahari ya mwaka ule. Ndugu aliyeko Minnesota anaamka asubuhi yake, kwetu ni jioni, anakuta jumbe mia na ushei, anajibu ule wa kwanza kama vile ndiyo kwanza umeandikwa, na moto unaanza upya. Marehemu hatajwi tena.

Nani alikosa adabu hapo? Mkisoma neno kwa neno mtapata shida kumwonyesha. Kilichokosekana ni mtu mmoja kujiuliza kabla ya kutuma: hiki kinachonichoma kinaitwaje? Kama angejibu kwa ukweli, angesema, ni aibu, sina pesa na wote wataona. Na aibu ikishatajwa, kuna jambo jingine la kufanya nayo. Angemfuata admini inboksi: "Kaka, mwezi huu sina kitu. Nitakuja kukesha na nitapokea wageni wa kutoka mbali." Nani angemkataa? Msiba wowote unahitaji mikono kuliko unavyohitaji jina la arobaini kwenye orodha.

Huku kutaja hisia kumechunguzwa pia na watu wa sayansi. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na zenye hofu huku wakiutazama ubongo wao kwa mashine. Mtu alipotakiwa kuipa hisia ile jina, amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoamka haraka mbele ya hatari, ilitulia kuliko alipopewa kazi nyingine kuhusu sura ile ile. Kutaja tu. Hakuna aliyemwambia atulie wala ahesabu mpaka kumi. Nasi maneno tunayo tele: aibu, wivu, hofu, uchungu, unyonge, kinyongo, fadhaa. Tatizo ni kwamba kwenye kundi huwa tunalijua moja tu, "nimekasirika," na wakati mwingine hata hilo hatulisemi, tunalituma likiwa limevaa kejeli.

Maadmini, hapa nina ombi, na najua baadhi yenu hamtalipenda. Acheni kuweka viasi hadharani. Wekeni majina, au wekeni jumla, lakini laki mbili ya mmoja isisimame juu ya elfu tano ya mwingine. Nimeshabishana na wahazini kuhusu hili, na hoja yao ni ya kweli: bila viasi watu watasema pesa zimeliwa, na kuna mahali zililiwa kweli. Basi chagueni watu wawili ambao kila upande wa ukoo unawaamini, waione taarifa ya M-Pesa pamoja na mhazini, kisha watatu hao watangaze jumla na matumizi. Uwazi utakuwepo. Kinachoondoka ni kumvua mtu nguo mbele ya watoto wake, maana watoto nao wamo kundini.

Nihame hapo niseme kuhusu maandishi yenyewe. Maandishi hayana sauti, na sisi ni watu wa sauti. "Haya" ya mama yangu ilikuwa na maana nyingi, na kila mtoto nyumbani alijua ipi ni ruhusa na ipi ni onyo. Iandike sasa: Haya. Imebaki herufi nne. Anayeisoma anaweka sauti yake mwenyewe, na sauti anayoiweka inategemea ameamkaje siku hiyo.

Watafiti wakina Justin Kruger na Nicholas Epley walilipima jambo hili mwaka 2005. Waliwapa watu sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wazitume kwa barua pepe au waziseme kwa sauti, na waliozipokea wabashiri ipi ni ipi. Watumaji walitarajia kueleweka mara 78 katika 100. Waliosikia sauti walipatia karibu hivyo, 73. Waliosoma barua pepe walipatia 56. Ukirusha shilingi juu unapata 50. Yaani anayesoma maandishi yako anakaribia kubahatisha tu, huku wewe uliyeyaandika una hakika umesema waziwazi, kwa sababu wewe unaisikia sauti yako kichwani na yeye haisikii.

Kwa hiyo mzee akiandika kwa herufi kubwa tupu, kabla ya kusema anafoka, kumbuka macho yake. Dada akijibu "sawa" peke yake, pengine ana mtoto mkono mmoja na sufuria mkono wa pili. Muulize. "Mjomba, umesema haya, umekubali au umechoka na mimi?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Na kama ni jambo zito, mpigie simu. Nasema mpigie, maana kuna watu wakikasirika hutuma ujumbe wa sauti wa dakika saba, na kwenye dakika saba zile hakuna mtu wa kuwauliza hata swali moja.

Utani ni mahali pengine tunapoumizana bila kukusudia. Sisi tumelelewa na utani. Mtani halisi anaweza kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Lakini utani ule una mipaka iliyorithiwa: Mnyamwezi anajua Mzaramo ni mtani wake, na anajua nani si mtani. Simba na Yanga, klabu zilizozaliwa 1936 na 1935, ni watani wa jadi, na ile 5–1 ya Novemba 5, 2023, ule mkono, Wanayanga waliutumia kwa kila mtu waliyemjua. Wengi tulicheka. Ila kundi la WhatsApp siku hizi linabeba mpaka watu 1,024, na huwezi kujua ni nani kati yao ametoka hospitali jioni ile, nani ameachishwa kazi. Ukiona mtu amejibu utani kwa ukali usiolingana na utani wenyewe, usimwongeze bao la sita. Mwendee pembeni umuulize kama yuko salama. Mara nyingi mpira haukuwa tatizo.

Kisha kuna vijembe vya status. Hapa akina mama mtanielewa upesi. Kanga imekuwa ikisema kwa niaba ya mvaaji tangu enzi za bibi zetu: ukiwa na jambo na jirani, unatafuta kanga yenye jina linalomgusa, unapita nayo mbele ya mlango wake. Status ndiyo kanga ya sasa. Mtu anaandika "wengine nyuso za malaika, mioyo ya nyoka," na watu kumi, kila mmoja, anajiona ndiye aliyesemwa. Tofauti ni kwamba kanga ilikuwa na safari yake. Ilibidi mtu aende dukani, azungushiwe doti moja baada ya nyingine, atoe pesa, arudi nyumbani aikate na kuipinda. Mahali fulani katika safari hiyo hasira ya wengi ilipungua, na wengine walirudi na kanga ya kumpa shoga yao zawadi. Status haina safari. Inatoka moyoni inaingia hewani kabla mwenye moyo hajajua ni nini kimetoka. Ukijikuta unaandika fumbo, jiulize unamwogopa nani kiasi cha kushindwa kumtaja. Mara nyingi jibu litakuwa mtu unayempenda.

Nami nitawakumbusha majibizano ya washairi wetu. Tangu Mambo Leo lilipoanza kuchapwa Dar es Salaam mwaka 1923, na baadaye katika magazeti mengine mengi ya Kiswahili, washairi walilumbana hadharani miaka na miaka, na walipigana kweli kwa maneno. Mara nyingi anayejibu aliichukua bahari ya mwenzake, yaani muundo wa shairi lake, wakati mwingine hata vina vyake. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake kama hujalisoma shairi lake mpaka ubeti wa mwisho. Alilazimika kumsikiliza mpinzani wake kabla ya kumpiga. Nawaomba kitu cha namna hiyo kundini: kabla ya kupinga, andika kwa maneno yako kile ulichoelewa kwamba mwenzako amesema, umuulize kama ndivyo. Utashangaa mara ngapi atajibu, "hapana, sikusema hivyo," na ugomvi ukaishia hapo.

Sasa nije kwa shangazi.

Mnakumbuka mwaka 2020, corona ilipoingia. Makundi yote yalijaa nyungu: majani ya mwarobaini, malimau, tangawizi, jifunike shuka uvute mvuke. Jumbe zilikuwa zikizunguka kiasi kwamba Aprili mwaka ule WhatsApp iliweka kikomo, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi usiweze kupelekwa zaidi ya sehemu moja kwa wakati mmoja. Sasa chukueni shangazi ameuleta ujumbe wa nyungu kundini, na mpwa wake anayefanya kazi zahanati anajibu mbele ya watu themanini: "Shangazi, acha kueneza uongo."

Kwa habari ya mvuke, mpwa alikuwa sahihi. Mvuke hauui virusi, na maji ya moto yanaunguza. Lakini hebu tuingie ndani ya watu hawa wawili. Shangazi ana watoto mikoani na ndugu nje ya nchi, hawezi kumfikia hata mmoja, na usiku halali. Ujumbe ule ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kuwapa. Mpwa naye anawaona wagonjwa kwa macho yake, anarudi nyumbani akiogopa kuwashika wanawe. Wote wawili wana hofu, tena hofu ile ile, kwa watu wale wale. Hofu ya shangazi imekuja kama dawa, hofu ya mpwa imekuja kama karipio, na kila mmoja amemwona mwenzake mjinga au mjeuri.

Kama mpwa angejua kwamba anaogopa, angeandika kama mtu anayeogopa: "Shangazi, asante kwa kutuwaza. Na mimi nina hofu kama wewe. Mvuke unaweza kufungua pua, lakini hauwezi kuondoa huu ugonjwa, na nimeona watu wameungua. Tunawe mikono na tusikusanyike, hiyo ndiyo kinga niliyo na uhakika nayo." Sayansi yote imebaki. Hakuna hata nukta aliyoifuta kwa ajili ya adabu. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna watu wanadhani heshima ni kunyamaza uongo unapopita. Uongo unaoweza kumdhuru mtu lazima ujibiwe pale pale uliposomwa, kwa sababu themanini wameshausoma. Ila kuna njia iliyo bora zaidi, na nimeona inafanya kazi: mpigie shangazi kwanza, mweleze taratibu, kisha umwombe yeye mwenyewe alete marekebisho kundini. Akiandika, "nimezungumza na mwanangu aliye zahanati, kumbe ni hivi," watamsikiliza kuliko wewe, naye amebaki shangazi.

Kuna fikra moja nataka kuipinga waziwazi, hii ya kusema "acha nitoe dukuduku, nikishasema nitapoa." Mtafiti Brad Bushman alichapisha mwaka 2002 jaribio lake la Chuo Kikuu cha Iowa State. Aliwaudhi vijana, kisha wengine akawaacha wapige gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi, na wengine wakakaa kimya bila kufanya lolote. Waliopiga gunia ndio waliobaki na hasira zaidi. Kila ngumi ilikuwa inamkumbusha. Ujumbe mrefu wa saa sita usiku unafanya hivyo hivyo: kadiri unavyouandika ndivyo unavyoyapata makosa mengine ya mtu yule uliyokuwa umeyasahau. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha aliyekasirika akiwa amesimama akae, na hasira isipomtoka, alale. Badilisha hali ya mwili kwanza. Kwa mwenye simu mkononi maana yake ni iweke simu chumba kingine, toka nje, kamwagilie maua, kaswali. Na kama ni lazima uandike, jitumie wewe mwenyewe, WhatsApp inaruhusu, kisha asubuhi uusome kwa sauti. Kwa sauti, nasisitiza, maana jicho linayasamehe maneno ambayo sikio linayakataa.

Wala msitegemee kufuta. Tangu 2023 tunaweza kusahihisha ujumbe ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote muda mrefu zaidi ya hapo. Lakini "ujumbe huu umefutwa" ukibaki kundini, kila mtu anamwuliza mwenzake inboksi uliandikwa nini, na kuna mmoja aliyekwisha kuupiga picha.

Nimekuwa nikisema mambo ya ndani ya nyumba. Wenzetu Kenya walilipa gharama ya nje. Katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na jumbe fupi za simu zilikuwa miongoni mwa njia zilizobeba uchochezi wa kikabila kutoka mkono hadi mkono. WhatsApp ilikuwa haijazaliwa. Ujumbe mmoja, watu mia, kila mmoja akiwa na hofu kwamba asipouwahisha kwa ndugu zake watakufa. Hofu tena, mnaiona. Wengi walioupeleka mbele hawakujiona wachochezi, walijiona walinzi.

Uchaguzi uliofuata, wa Machi 2013, watafiti wa mradi ulioitwa Umati, wa taasisi za teknolojia iHub na Ushahidi kule Nairobi, walikaa miezi wakisoma maandishi ya chuki mtandaoni. Waliona kwamba mengi sana yalikuwa Facebook na machache yalikuwa Twitter, na sababu mojawapo waliyoitoa ni hii: kule Twitter, mtu aliyeandika chuki alikuwa akikabiliwa hapo hapo na watumiaji wengine, mbele ya wote, mpaka anaondoa maneno yake au anaondoka. Watazamaji walikuwa hawanyamazi.

Hili linatuhusu. Kundini, akiandika mtu neno baya juu ya kabila au dini, wabaya huwa wawili au watatu, na walio kimya huwa mia mbili. Mwandikaji anauhesabu ukimya wa mia mbili kuwa ridhaa. Na yule wa kabila lililotajwa, ambaye yumo kundini kwa sababu ameoa kwenu, naye anauhesabu hivyo hivyo. Sentensi moja inatosha: "Mimi sikubaliani na hili, na wanangu ni wa huko." Bila tusi, bila hotuba. Mkinyamaza kwa sababu mnaogopa, iiteni hofu, mkishaiita mtaona kama ni kubwa kweli kuliko aibu ya mwenzenu anayesoma peke yake.

Vijana, na wazee, nina neno kwenu pamoja. Kwenye kikao cha ukoo kijana anasubiri wakubwa waseme. Kundini kila jina lina ukubwa mmoja, na kijana wa miaka ishirini anaandika chini ya ujumbe wa babu yake mdogo kana kwamba wamekaa benchi moja. Mzee anasikia kudharauliwa, kijana anasikia kuzibwa mdomo. Mzee wangu, kabla ya kuandika "watoto wa siku hizi," jiulize kama hoja yenyewe ni mbovu, au kinachouma ni kwamba imetoka kwa mtoto uliyembeba mgongoni. Hakuna dhambi kuumwa na jambo hilo. Lakini ukilijua utaweza kusema, "hoja yako ina uzito, namna ulivyoileta ndiyo imenikwaza," na hapo umemfundisha vitu viwili. Nawe kijana, kabla ya kumsahihisha mkubwa mbele ya mabinamu, jiulize: je, ningeliandika hivi hivi kama tungekuwa wawili tu? Kama jibu ni hapana, unawaandikia mabinamu. Mfuate mzee inboksi, umwamkie kwanza, useme hoja yako yote bila kuikata.

Namalizia na maadmini, kwa mambo mawili.

La kwanza ni kufunga kundi. Tangu 2018 mnayo nafasi ya kulifunga ili maadmini tu ndio waandike. Itumieni usiku mambo yanapochemka, lakini semeni sababu na saa ya kufungua: "Tumechoka na tuna uchungu. Tunafunga mpaka saa moja asubuhi, yeyote mwenye hoja ataendelea." Mkifunga bila neno, aliyekuwa katikati ya kueleza atajua amenyamazishwa, na atafungua kundi lake pembeni. Na mkilifungua asubuhi, fungueni mjadala ule ule. Msilete picha ya ua na "habari za asubuhi wanafamilia" kana kwamba hakukutokea kitu.

La pili ni wanaoondoka. Zamani mtu akitoka kundini wote waliona. Tangu 2022 taarifa inawafikia maadmini peke yao. Wanaondoka kimya: yule wa orodha ya michango, shangazi wa nyungu, shemeji wa kabila lililotajwa. Wanakundi wengine wanaendelea kuchati bila kujua. Ninyi mmeiona ile mistari. Chukueni majina yao leo kabla hamjaondoka hapa. Msiwarudishe kundini kwa kubonyeza tu, hiyo ni kumkamata mtu mkono na kumkalisha kitako. Wapigieni simu, mmoja mmoja, na mkipiga msianze na habari za kundi. Muulizeni hali, muulize watoto, kisha umwambie uliona ametoka na ungependa kujua nini kilimuumiza. Usimtetee aliyemkosea. Usimweleze kwamba alielewa vibaya. Msikilize mpaka amalize. Kama atataka kurudi, atakwambia. Kama hataki, muulize habari za ukoo azipate kwa njia gani, simu au ujumbe wa peke yake, na wewe mwenyewe uwe ndiye utakayempelekea, hasa za misiba.